Motokari yako inasema: ujifunze kuisikiliza

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, na ninyi watoto mnaosoma ukurasa huu pamoja na wazazi wenu,

Mtu anayefanya kazi chini ya ardhi, kama kule Kipushi, anajua kwamba baramini si chombo cha kuangushia mawe tu. Ni chombo cha kusikilizia pia. Akifika mahali pa kazi baada ya baruti, haendi mbele mpaka amegonga paa la mwamba. Mwamba ulio mzima unajibu kwa sauti kali, kama kengele. Mwamba uliofunguka kwa ndani unajibu kwa sauti nzito, kama ngoma. Hapo anarudi nyuma, anasimama chini ya paa zima, na jiwe lile baya linaangushwa kwanza. Hasemi: “Labda litashika mpaka jioni.”

Lakini mtu yule yule, akitoka kazini na kukaa kwenye usukani wa motokari yake ndogo, anasikia “krrr” katika gurudumu la mbele. Anafanya nini? Anapandisha sauti ya redio.

Somo letu la leo ni hilo. Motokari iliyozeeka, karibu kila mara, inasema kabla ya kuharibika. Mwenye kuisikiliza analipa kidogo na anafika nyumbani. Asiyeisikiliza analipa sana, na pengine hafiki.

MASWALI MATANO KABLA YA KWENDA KWA FUNDI

Ukimwambia fundi “motokari yangu inalia”, hana pa kuanzia. Atafungua hapa na pale, na wewe utanunua vyuma ambavyo havikuwa na ugonjwa. Ukimwambia “inalia mbele, upande wa kushoto, ninapokata kona”, umekwisha kumfanyia nusu ya kazi. Basi jiulize maswali haya matano.

1. Inalia hata ikiwa imesimama? Simamisha motokari mahali pa wazi, vuta freni ya mkono, toa vitesi, acha moteri izunguke. Kanyaga kidogo pedali ya mwendo. Kama sauti iko, ugonjwa uko katika moteri au katika vitu vinavyozungushwa na moteri. Kama hakuna sauti, tafuta katika magurudumu, freni au vyuma vya chini.

2. Inafuata mwendo wa magurudumu? Kama inakwenda upesi motokari ikienda upesi, na inapunguka motokari ikipunguza, inatoka katika kitu kinachozunguka pamoja na gurudumu.

3. Inabadilika unapokata kona? Angalia kama ni kona ya kushoto au ya kulia.

4. Inatokea unapokanyaga freni?

5. Inatokea katika mashimo na matuta tu?

Andika majibu katika karatasi. Andika pia kama ni asubuhi moteri ikiwa baridi, au baada ya mwendo mrefu.

Shauri moja la mafundi: pita polepole karibu na ukuta wa matofali, madirisha yakiwa wazi. Ukuta unarudisha sauti ya magurudumu mpaka kwenye sikio lako. Na jambo jingine: hapa Lubumbashi motokari nyingi ndogo zimetoka Japani na zimeingia kwa njia ya Kasumbalesa, usukani ukiwa upande wa kulia. Sisi tunapita upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo dereva anakaa karibu na mfereji, na magurudumu ya kushoto yako mbali naye. Umwombe mtu anayekaa kushoto akusikilizie. Mara nyingi mama au mtoto anasikia sauti mpya kabla ya baba, kwa sababu sikio la dereva limekwisha kuizoea. Usimjibu: “Nyamaza, wewe hujui motokari.”

ANZA NA VITU VYA BEI NDOGO

Kabla ya kuogopa, toa kila kitu katika buti. Chupa tupu, funguo za chuma, kriki isiyofungwa: hivi vinaweza kugonga kama moteri iliyokufa. Tazama mipira ya magurudumu. Kijiwe kilichokwama katika mpira kinapiga “tik-tik-tik” kufuata mwendo. Tazama vifuniko vya magurudumu. Watu wengi wamelipa fundi kwa ajili ya kijiwe.

Sasa tutazame sauti zenyewe. Tumezigawa katika makundi matatu, si kwa bei ya kutengeneza, bali kwa hatari yake.

KUNDI LA KWANZA: SIMAMA, USIENDELEE

Freni. Asubuhi baada ya mvua au umande, freni zinaweza kulia mara moja mbili halafu zikanyamaza. Hiyo ni kutu nyepesi tu. Lakini kama zinapiga “ngwiii” kila siku, plaketi zimekaribia kuisha. Plaketi nyingi zimewekewa ulimi mdogo wa chuma kusudi ulie wakati huo. Hapo una siku chache za kwenda kwa fundi. Ukingoja mpaka ile “ngwiii” igeuke kuwa “krrr”, chuma kinasaga chuma. Diski inaharibika, na motokari haisimami tena inavyotakiwa. Hapo hakuna safari.

Pedali ya freni ikiwa laini, au ikishuka mpaka chini, maji ya freni yanavuja au hewa imeingia. Watu wengine wanaipigapiga pedali mpaka ipande, halafu wanaendelea. Hiyo si dawa. Tena, usiweke kamwe mafuta ya moteri wala maji ya bomba mahali pa maji ya freni. Mafuta yanavimbisha mipira midogo iliyo ndani, na maji yanaleta kutu na yanachemka freni zikipata moto. Soma kifuniko cha kikopo: kimeandikwa DOT 3 au DOT 4. Fuata maandiko hayo.

Freni zikikuacha njiani: piga pedali mara nyingi upesi, shusha vitesi moja moja, vuta freni ya mkono polepole. Usizime moteri wala usitoe ufunguo motokari ikiwa inatembea, kwa maana usukani unaweza kujifunga.

Usukani na magurudumu. Kama usukani una nafasi kubwa kabla magurudumu hayajageuka, au motokari inavutwa ghafla upande mmoja, au unasikia mgongo mzito mbele kila unapoingia katika shimo, simama utazame. Pengine ni rotili, kile kifundo cha chuma kinachoshika gurudumu na kuliacha ligeuke. Rotili ikitoka mahali pake, gurudumu linalala, na usukani hauna kazi tena. Kama sauti ya “ko-ko” imeanza baada ya kubadili mpira, tazama kwanza nati za gurudumu. Nati zinakazwa kwa kuvukana, si kwa kuzunguka duara, na zinakazwa tena baada ya kilometa 50 au 100.

Moteri inayogonga chini. “Ko-ko-ko” nzito kutoka tumboni mwa moteri, inayozidi unapopanda kilima, au taa nyekundu ya mafuta inayowaka: zima moteri mara moja. Ukienda kilometa 2 zaidi, unaweza kununua moteri nzima.

Harufu ya esansi. Simama, zima moteri, toa watu wote, na mtu asiwashe sigara. Usimulike kwa kibiriti.

Mngurumo wa bomba la moshi. Wengi wanacheka bomba likitoboka: “Motokari yangu sasa inanguruma kama lori.” Mtu wa mgodi asicheke. Anajua kwamba baada ya baruti haruhusiwi kurudi mpaka hewa imesafishwa. Hewa mbaya iliyo katika moshi wa baruti iko pia katika moshi wa motokari. Haina rangi wala harufu yake yenyewe. Bomba likitoboka chini ya viti, inaweza kuingia ndani, na watoto wanaolala nyuma wanaivuta. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutaka kutapika, na usingizi usio wa kawaida. Watu wawili wakilalamika kichwa katika safari moja, usiseme ni jua. Simama, fungua milango yote, watu wakae nje katika hewa safi. Aliyezimia apelekwe hospitali upesi. Na usiwashe moteri katika garaji iliyofungwa, hata kwa dakika chache.

KUNDI LA PILI: FIKA KWA FUNDI JUMA HILI

“Vuuuu” inayokua pamoja na mwendo. Inaweza kuwa mpira ulioliwa vibaya au rulemani ya gurudumu. Ili kutenganisha, sikiliza katika kona ndefu. Ukikata kushoto, uzito wa motokari unakwenda kulia. Kama sauti inazidi hapo, mara nyingi ni rulemani ya kulia. Ukikata kulia na inazidi, ni ya kushoto. Sauti ya mpira haibadiliki sana katika kona.

“Kla-kla-kla” unapogeuza usukani mpaka mwisho. Katika motokari inayovutwa na magurudumu ya mbele, hiyo ni kadani. Kadani imevikwa mfuko wa mpira wenye grisi ndani. Mfuko ukipasuka, grisi inatoka, na vumbi letu jekundu la wakati wa kiangazi linaingia. Vumbi na grisi vinakuwa kama dawa ya kusagia chuma. Chungulia mifuko hiyo kila mwezi. Ukiona grisi imerukia ndani ya gurudumu, badili mfuko sasa, kadani ikiwa bado nzima.

Kugonga katika mashimo. Sukuma kwa nguvu kona moja ya motokari ishuke, halafu uiache. Ikipanda mara moja na kutulia, amortisere ni nzima. Ikicheza mara nyingi kama kitanda cha springi, imekwisha. Motokari yenye amortisere mbovu inaruka katika barabara mbaya, na mpira ulio hewani haushiki freni.

“Ngwiii” ya moteri asubuhi. Ni mkanda, yaani kuruwa, uliolegea au kuzeeka. Katika motokari nyingi mkanda huo unazungusha alternateri, na katika nyingine unazungusha pia pompi ya maji. Ukikatika, taa ya bateri inawaka, na pengine moteri inachemka. Zima moteri, toa ufunguo, ndipo utazame: mkanda wenye nyufa au unaong’aa kama kioo ubadilishwe. Usipeleke mkono wala kitambaa karibu na mkanda moteri ikizunguka.

Lakini kumbuka: iko mikanda mingine, ile ya ndani inayoongoza vilango vya moteri, ambayo inaweza kukatika bila kusema neno. Hiyo inabadilishwa kwa kilometa au miaka iliyoandikwa katika kitabu cha motokari. Kama umenunua motokari ya zamani na hujui ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijabadilishwa.

Moteri kupata moto. Lubumbashi iko juu, kama metre 1.200 juu ya bahari. Hapa maji katika sufuria yanachemka kabla ya kufika digrii 100, karibu na digrii 96. Ndani ya radiateri hayachemki upesi hivyo kwa sababu kifuniko kinayabana. Kifuniko kibovu kinaweza kuchemsha motokari nzima. Tazama pia mbele ya radiateri: mbegu za majani wakati wa kiangazi, na mabawa ya inswa, wale kumbikumbi wa mvua za kwanza, yanaziba hewa. Mshale ukipanda kwenye alama nyekundu, simama na kuzima moteri. Usifungue kifuniko kikiwa moto: maji yanaruka na kuunguza uso na macho. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka unaweza kushika bomba la juu kwa mkono. Kisha zungusha kifuniko polepole kwa kitambaa kinene. Usimwage maji baridi katika moteri yenye moto. Chuma kinaweza kupasuka.

KUNDI LA TATU: TAZAMA, USILALE

“Tik-tik” nyepesi juu ya moteri. Pima mafuta kwanza. Motokari iwe mahali sawa, moteri imezimwa dakika chache. Toa kijiti, kipanguse, kirudishe, kitoe tena. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Kama yanatosha na sauti inabaki, fundi apime nafasi ya vilango.

Moteri inayopiga “trrr” ukipanda kilima. Inaweza kuwa esansi mbaya. Ile ya chupa barabarani, huwezi kujua imechanganywa na nini.

“Tik” moja ukigeuza ufunguo, halafu kimya. Ni bateri dhaifu, au vichwa vyake vimeota unga mweupe au wa kijani. Fungua kwanza waya wa alama ya kutoa, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Osha unga kwa maji ya vuguvugu na bikaboneti. Usilete moto karibu: bateri inatoa hewa inayolipuka.

Rangi ya moshi nayo ni lugha. Moshi wa buluu: moteri inakula mafuta. Moshi mweusi: esansi inazidi. Moshi mweupe mwingi usiokwisha hata moteri ikipata moto: maji yanaingia ndani, na hilo lisingoje mwezi.

PAA LISILOSHIKWA

Baba mwingine anasoma haya yote, anafurahi, anachukua kriki, anainua motokari na kuingia chini. Ndugu, ungeingia chini ya mwamba usiokuwa na kitu cha kuushika? Kriki ni ya kuinulia, si ya kushikia. Inateleza, inazama katika udongo, na motokari inashuka bila kukuuliza. Motokari iwe mahali sawa na pagumu, magurudumu yaliyobaki yazuiwe mbele na nyuma, na uzito ukae juu ya viti vya chuma vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Matofali yanapasuka bila kutoa habari. Kama huna viti hivyo, usiingie chini. Na watoto wasicheze karibu.

Motokari ikiwa imeshikwa vizuri, unaweza kupima gurudumu kwa mikono. Lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, ni rulemani au rotili ya chini. Lishike kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza, tazama rotili za usukani.

SASA TUJIPIME

Tuseme baba mmoja wa Katuba. Plaketi zake zimelia “ngwiii” tangu majuma mawili. Ijumaa jioni zimeanza “krrr”. Jumamosi asubuhi kuna matanga ya shemeji yake huko Likasi, kilometa kama 120. Mama amevaa, watoto wamevaa, bibi amekwisha kukaa katika kiti cha mbele na kikapu chake. Barabara ya Likasi imejaa malori yenye mzigo mzito. Baba anajua sauti hiyo inasema nini. Anafanya nini?

Hapa ndipo ugumu wote uko. Masikio anayo, akili anayo. Kinachokosekana ni moyo wa kusema mbele ya watu waliovaa: “Leo motokari haiendi. Tunachukua basi.” Bibi atanung’unika. Shemeji watasema amekuja na basi kama mtu asiye na kitu. Atalipa nauli ya watu 6 bila kuipangia. Ndiyo. Lakini plaketi ya franka chache aliyoikataa majuma mawili imekwisha kumletea deni hilo. Ni yeye kuchagua alilipe kwa nauli au kwa kitu kingine.

Chini ya ardhi hakuna anayemcheka mtu aliyekataa kusimama chini ya paa linalolia kama ngoma. Mkubwa wa kikosi anamshukuru. Basi tufanye hivyo nyumbani. Mama, siku mume wako akisema “hatuendi”, wewe uwe wa kwanza kushuka.

Jibuni nyumbani, wakubwa na wadogo:

1. Sauti inabaki motokari ikiwa imesimama. Je, ni ya gurudumu au ya moteri?
2. Watoto wawili wanaumwa kichwa njiani. Utafanya nini kwanza?
3. Kwa nini kifuniko cha radiateri kisifunguliwe kikiwa moto?
4. Kwa nini kriki peke yake haitoshi?
5. Katika motokari yenu, ni sauti gani ambayo mmekwisha kuizoea?

Swali la tano ndilo kubwa. Jumamosi hii, kabla ya kuosha motokari, zimeni redio, fungueni madirisha, mzunguke polepole katika njia yenu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na sikio halilipishwi.